Mdomo wa Belafonte, Sauti ya Hutcherson: Uhakiki wa Filamu ya Carmen Jones

Katika filamu ya Carmen Jones, iliyotoka Marekani mwaka 1954 chini ya mwongozaji Otto Preminger, Harry Belafonte anaigiza kama askari aitwaye Joe, na Joe ana nyimbo za kuimba. Mdomo unaochezacheza katika nyimbo hizo ni wa Belafonte, lakini sauti inayosikika ni ya mtu mwingine, LeVern Hutcherson. Dorothy Dandridge, anayeigiza kama Carmen, naye anaimbiwa. Sauti yake ya nyimbo ni ya Marilyn Horne, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 20 tu na baadaye akawa mmoja wa waimbaji wakubwa wa opera nchini Marekani.

Jambo hili lingekuwa dogo kama Belafonte angekuwa mwigizaji asiyejua kuimba. Lakini huyu ni mtu ambaye mwaka 1956, miaka miwili tu baada ya filamu hii, alitoa albamu ya Calypso iliyomfanya ajulikane karibu dunia nzima kwa sauti yake. Dandridge pia alianza kuimba jukwaani tangu utotoni, na alikuwa akipata riziki yake kwa kuimba kwenye kumbi za usiku. Kwa hiyo tuna waimbaji wawili ndani ya filamu ya nyimbo, na wote wawili wamenyamazishwa pale nyimbo zinapoanza.

Watazamaji wengi husema kwamba nyimbo za Belafonte katika filamu hii haziaminiki. Ninakubaliana nao. Ninachotaka kujadili ni sababu. Wengine hudhani kosa liko kwenye mdomo kuchelewa au kuwahi. Mimi naona mdomo wa Belafonte hauchelewi sana. Kinachokosekana ni mwili unaokubali kubeba sauti ile, na mwili wake haukubali kwa sababu walioichagua sauti ile hawakuuliza mwili wenyewe unaimbaje. Nitaonyesha pia kwamba Dandridge, aliyeazima sauti kama yeye, anafaulu pale Belafonte anaposhindwa. Tofauti yao inatufundisha mengi kuhusu uigizaji.

Kwa msomaji ambaye hajaiona filamu, nitaeleza kisa chake kwa ufupi. Asili yake ni opera ya Carmen ya Mfaransa Georges Bizet, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1875. Mwaka 1943 Oscar Hammerstein wa Pili aliuchukua muziki wa Bizet, akaandika maneno mapya ya Kiingereza na kukihamisha kisa kutoka Hispania hadi Marekani ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wahusika wote wakiwa Wamarekani weusi. Kiwanda cha sigara kikawa kiwanda cha miavuli ya wanajeshi wanaoruka kutoka kwenye ndege, na mpigana na ng'ombe akawa bondia anayeitwa Husky Miller. Joe ni askari mtiifu mwenye mchumba wake, Cindy Lou. Carmen, mfanyakazi wa kiwandani, anamtaka yeye kwa sababu ndiye mwanamume pekee asiyemtazama. Joe anaanguka kwenye mtego, anafungwa, anapigana na mkubwa wake, anatoroka jeshi na kukimbilia Chicago pamoja na Carmen. Huko Carmen anamchoka na kumfuata bondia. Mwishoni Joe anamuua kwa mikono yake.

Sasa nizungumzie namna nyimbo za filamu zinavyotengenezwa, maana bila kuelewa hili tutawalaumu waigizaji kwa kosa lisilo lao. Katika filamu za aina hii wimbo hurekodiwa kwanza studioni. Siku ya kupiga picha, wimbo hupigwa kwa spika na mwigizaji huufuatisha kwa mdomo. Hata mwimbaji anayeimba mwenyewe hufanya hivyo, yaani hufuatisha sauti yake aliyoirekodi wiki kadhaa nyuma. Kwa hiyo pleibeki ni kazi ya kila mwigizaji wa filamu za nyimbo, na si aibu. Marni Nixon aliwaimbia Deborah Kerr katika The King and I mwaka 1956, Natalie Wood katika West Side Story mwaka 1961 na Audrey Hepburn katika My Fair Lady mwaka 1964, na watazamaji wengi hawakujua. Katika filamu za Kihindi, ambazo wazazi wetu Afrika Mashariki walizipenda sana, jambo hili halifichwi hata kidogo. Kila mtu alijua kwamba nyota fulani anaimbiwa na Lata Mangeshkar, na jina la Lata liliuza filamu sawa na jina la nyota mwenyewe.

Hapa Uganda tuna shule nyingine ya kupimia jambo hili, nayo ni karioki. Kwa miaka mingi katika baa za Kampala na miji mingine kumekuwa na vikundi vinavyopanda jukwaani usiku, wimbo ukipigwa kwenye spika na msanii akiuchezea na kuufuatisha kwa mdomo. Anaweza kuwa kijana mwembamba anayefuatisha sauti nzito ya mzee, au mwanamume anayefuatisha wimbo wa mwanamke. Hakuna mtazamaji anayedanganyika. Wote wanajua sauti si yake, na bado humtunza kwa noti, tena kwa furaha. Lakini hawamtunzi kila mtu. Msanii dhaifu huchekwa, na utasikia watu wakisema anatafuna tu.

Nimejaribu kujiuliza watazamaji wa karioki wanatazama nini wanapoamua nani atunzwe. Naona wanatazama mambo matatu. La kwanza ni pumzi. Kabla ya mstari mrefu kifua cha msanii kinapaswa kujaa, maana mtu anayeimba kweli hawezi kutoa sauti bila kuvuta hewa. La pili ni ukubwa. Sauti kubwa inahitaji mwili unaofanya kazi kubwa, yaani shingo, mabega, miguu. La tatu ni sababu. Mdomo unapaswa kufunguka kwa kuwa mtu huyu ana neno la kusema, na neno lionekane usoni kabla halijasikika. Mambo haya matatu yakiwepo, sauti ya kuazima inakuwa yake kwa dakika nne. Nitatumia vigezo hivi vitatu kuwapima Dandridge na Belafonte.

Tuanze na Dandridge. Carmen anaingia kwenye bwalo la chakula la kiwandani wakati wa mapumziko, akiwa na blauzi nyeusi na sketi nyekundu, huku wafanyakazi wengine wakiwa katika nguo zao za kazi. Wimbo wake wa kwanza, ule ambao katika opera huitwa habanera, anauimba akiwa anatembea. Anapita kati ya meza, anachukua chakula, anawakwepa wanaume wanaomtongoza na kumkaribia Joe aliyekaa na Cindy Lou. Preminger anapenda kuiacha kamera iendelee kwa muda mrefu bila kukata, na skrini pana ya CinemaScope inatuonyesha mwili mzima pamoja na watu wanaomzunguka. Matokeo yake ni kwamba hatuutazami mdomo wa Dandridge peke yake. Tunatazama bega, kiuno, mkono unaochukua kitu na kukirudisha. Kila mstari wa wimbo unakuwa jibu kwa mwanamume fulani aliye mbele yake. Kigezo cha tatu kimetimia, maana ana sababu ya kusema kila neno, na tunaiona sababu hiyo.

Mtu anaweza kusema kwamba Dandridge anaokolewa na mwendo, kwamba anayetembea hawezi kukamatwa mdomo. Jibu liko katika eneo la karata. Carmen na wenzake wanabashiri bahati zao, naye anaipata karata ya tisa ya shupaza, ambayo ni ishara ya kifo. Hapa hatembei wala hachezi. Sauti ya Horne inashuka chini na kuwa nzito, na Dandridge anatulia karibu kabisa. Hata hivyo tunamwamini. Anaitazama karata, uso unabadilika, na ndipo mdomo unafunguka. Wazo linafika kwanza, sauti inalifuata. Nafikiri hili ndilo eneo lake bora katika filamu nzima, na haishangazi kwamba kwa kazi hii akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike, ingawa tuzo yenyewe ilikwenda kwa Grace Kelly.

Tumgeukie Belafonte. Wimbo wake mkubwa ni ule wa ua. Katika opera, mwanajeshi anauimba mbele ya Carmen mwenyewe, akimwambia jinsi alivyolitunza ua alilomrushia. Katika filamu, Joe anauimba akiwa kifungoni, Carmen akiwa mbali. Tayari hii ni shida, kwa sababu mwigizaji amenyang'anywa mtu wa kumwimbia. Analo ua tu. Muziki wa Bizet unaanza taratibu, unapanda ngazi kwa ngazi hadi kilele ambacho waimbaji wa sauti ya tatu hukiogopa. Hutcherson anapanda vizuri. Sauti yake imefunzwa, ni ya kifua kipana na koo lililofunguka, sauti ya kujaza ukumbi mkubwa bila kipaza sauti.

Lakini tazama anachofanya Belafonte. Midomo inasogea kidogo, kwa upole, kama ya mtu anayeimba sentimita chache kutoka kwenye kipaza sauti. Kifua hakijai kabla ya mistari mirefu. Shingo imetulia hata pale sauti inapofika kileleni. Uso ni mzuri na wenye huzuni, lakini ni huzuni ileile tangu mwanzo hadi mwisho, wakati muziki umebadilika mara nne au tano. Nilirudia eneo hili nikiwa nimezima sauti kabisa. Bila sauti, Dandridge bwaloni bado anaonekana anaimba. Belafonte, bila sauti, anaonekana kama mtu anayejisemea jambo polepole kabla ya kulala. Pumzi haipo, ukubwa haupo, na sababu imebaki ileile. Kwenye karioki asingetunzwa.

Mhakiki mwenye haraka angemaliza hapa kwa kusema kwamba Belafonte alikuwa mwigizaji dhaifu. Sikubali. Msikilize Joe anapozungumza. Sauti ya Belafonte ya mazungumzo ina ukwaruzo kidogo, ni ya chini na ya siri, na katika maeneo ya ugomvi wa Chicago inatisha kwa sababu haipandi. Joe huyu ni mtu anayeweka mambo moyoni hadi yanamshinda. Ghafla, wimbo ukianza, Joe anapata sauti nyingine inayong'aa, iliyonyooka, isiyo na siri yoyote. Ni kana kwamba mtu wa tatu ameingia chumbani. Belafonte alimjenga Joe kutokana na sauti yake mwenyewe, kisha akatakiwa kumwimba Joe kwa sauti inayompinga Joe huyo. Namna yake ya kusogeza midomo ni namna yake halisi ya kuimba. Mwili wake unakumbuka sauti yake. Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri matako, na hapa nguo iliazimwa bila hata kumpima anayevishwa.

Upande wa Dandridge mambo yalikuwa tofauti. Horne alieleza baadaye kwamba alijitahidi kuifananisha sauti yake na ya Dandridge, ili isikike kama vile Dandridge angeimba kama angekuwa na mafunzo ya opera. Kwa maneno mengine, sauti ilisogea kuelekea mwili, na mwili ukasogea kuelekea sauti, wakakutana katikati. Unaweza kusikia jambo hili mara Carmen anapotoka kwenye mazungumzo na kuingia kwenye wimbo, kwani mshtuko ni mdogo. Kwa Joe hatusikii juhudi kama hiyo. Hutcherson anaimba opera safi, na kazi yote ya kusogea ameachiwa Belafonte.

Ushahidi mkubwa zaidi uko ndani ya filamu yenyewe. Pearl Bailey, anayeigiza kama Frankie, rafiki wa Carmen, anaimba kwa sauti yake mwenyewe. Katika baa ya Billy Pastor anaimba wimbo wa ngoma, mpigangoma Max Roach akionekana nyuma yake, na baa nzima inaamka. Sauti ya Bailey si ya opera hata kidogo. Ni ya kuchezea maneno, inachelewa makusudi, inacheka. Wala muziki wa Bizet haukuvunjika kwa sababu hiyo. Upande mwingine yupo Olga James, anayeigiza kama Cindy Lou, aliyesomea muziki na kuimba mwenyewe wimbo wake wa kumlilia Joe. Huyu ana sauti ya opera, na inatoka kwenye mwili wake. Uso wake unapokunjamana kwa noti ya juu, unakunjamana kwa kuwa noti ile ni ngumu. Kwa hiyo filamu hii ina mifano yote miwili, mwimbaji wa klabu anayeimba mwenyewe na mwimbaji wa opera anayeimba mwenyewe, na yote miwili imefaulu.

Sababu inayotajwa kwa kawaida ni kwamba muziki wa Bizet unahitaji sauti za opera. Ni sababu yenye uzito, sitaki kuidharau. Wimbo wa ua, ukiuimba kwa mtindo wa kalipso, hautakuwa tena wimbo uleule. Lakini sababu hii ikichukuliwa kwa dhati inatupeleka kwenye uamuzi mmoja kati ya miwili. Ama umtafute mwimbaji wa opera anayeweza kuigiza, kama alivyopatikana Olga James, ama ushushe wimbo hadi kwenye sauti ya nyota uliyemchagua, kama ilivyofanyika kwa Bailey. Watengenezaji walitaka uso wa Belafonte bila sauti yake, na sauti ya Hutcherson bila uso wake.

Napenda pia kuwa mkweli kuhusu upande wa pili. Mwaka 1954 filamu ya Hollywood yenye waigizaji weusi watupu ilikuwa jambo la nadra, na bila nyuso zenye mvuto kama za Dandridge na Belafonte pengine isingetengenezwa kabisa. Filamu hii iliwafungulia milango, na sitaki kuitazama kwa macho ya leo tu. Lakini mlango ulifunguliwa nusu. Mwaka 1959 Preminger huyohuyo aliongoza Porgy and Bess. Dandridge akaigiza tena, na akaimbiwa tena, safari hii na Adele Addison. Sidney Poitier naye aliimbiwa na Robert McFerrin. Kilichoonekana kuwa dharura mwaka 1954 kikawa kawaida.

Kuna jambo jingine ambalo mtazamaji wa Afrika hawezi kulipita. Horne alikuwa Mzungu. Maneno ya Hammerstein yameandikwa kwa tahajia ya kuiga matamshi ya Wamarekani weusi, yaani jinsi mwandishi Mzungu alivyodhani kwamba wanatamka. Kwa hiyo katika nyimbo za Carmen tunaye Mzungu aliyeandika maneno ya mtu mweusi, msichana wa Kizungu aliyeyaimba akijaribu kusikika kama mwanamke mweusi, na mwanamke mweusi mwenyewe, aliye mwimbaji, akisogeza mdomo bila kutoa sauti. James Baldwin aliiandikia filamu hii insha kali, ambayo imo katika kitabu chake cha mwaka 1955, Notes of a Native Son. Hasira yake naielewa. Hata hivyo ninapomtazama Dandridge akiitazama ile karata ya tisa, siwezi kusema kwamba hayupo. Yupo, na amelichukua eneo lile likawa lake.

Kwa nini mwanafunzi wa Kiswahili aliyeko Uganda ajisumbue na filamu ya Kimarekani ya miaka zaidi ya 70 iliyopita? Sababu ya kwanza ni Belafonte mwenyewe. Mwaka 1965 yeye na Miriam Makeba walitoa albamu ya pamoja, na ndani yake mna Malaika, wimbo ambao Fadhili William wa Kenya aliurekodi mapema katika miaka hiyo ya 1960. Belafonte anauimba kwa Kiswahili. Matamshi yake si ya mtu wa Mombasa, yeyote anaweza kusikia hilo. Lakini sauti ni yake, ileile yenye ukwaruzo, ileile ya siri, na huzuni ya mtu asiye na mahari unaiamini. Sasa linganisha nyimbo hizi mbili. Katika ule wa ua, kila noti ni sahihi na hatumwamini. Katika Malaika, matamshi yana kasoro na tunamwamini kabisa. Huu ndio ushahidi wangu wa mwisho kwamba tatizo la filamu halikuwa kipaji cha Belafonte.

Sababu ya pili ni sisi. Msomaji bila shaka anaujua ule utani kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania Bara, kikafa Kenya na kuzikwa Uganda. Sisi tunaokisoma upande huu wa mpaka tunacheka, lakini tunaubeba. Nilipokuwa sekondari tulishiriki mashindano ya ngonjera. Mwalimu aliogopa kwamba tungepoteza alama kwa sababu ya lafudhi zetu, basi akamwomba mtu mwenye asili ya pwani aisome ngonjera nzima na kuirekodi kwenye simu. Siku ya mashindano rekodi ilipigwa kwenye spika, sisi tukasimama mistari miwili tukichezesha midomo na mikono. Nakumbuka mwenzetu mmoja, aliyekuwa fundi kuliko sote wa kutunga beti, akiwa amesimama mbele kabisa kwa sababu ya urefu wake, mdomo ukifunguka na kufunga kwa beti alizozitunga yeye mwenyewe. Alikuwa na sababu ya kusema kila neno, na alikatazwa kulisema. Tukapata nafasi ya pili. Nilipomwona Joe akiwa na ua lake kifungoni, nilimkumbuka.

Sisemi kwamba lafudhi haina maana au kwamba mwanafunzi asijifunze matamshi sanifu. Horne alijifunza, Olga James alijifunza, na Bizet anastahili waimbaji waliojifunza. Ninachosema ni kwamba mafunzo yafanyike ndani ya koo la mtu mwenyewe. Ukimpa mtu sauti iliyokamilika ya mwingine ili aisimamie tu, utapata usahihi na utapoteza mtu.

Opera ya Bizet imekwisha kuonyesha njia hiyo, tena katika bara letu. Mwaka 2005 filamu ya Afrika Kusini, U-Carmen eKhayelitsha, ilishinda tuzo kuu ya Dubu wa Dhahabu katika tamasha la Berlin. Kisa ni kilekile, muziki ni uleule wa Bizet, lakini mahali ni kitongoji cha Khayelitsha huko Cape Town na lugha ni Kixhosa. Carmen anaigizwa na Pauline Malefane, mwimbaji wa opera, ambaye pia alishiriki kuyatafsiri maneno kwa Kixhosa. Anaimba mwenyewe. Si mwembamba kama Dandridge wala hakuvalishwa kama nyota wa Hollywood, na kamera haimkwepi. Anapovuta pumzi unaiona, na noti inapopanda unajua imetoka wapi. Tukiiweka filamu hii kando ya ile ya 1954, dai kwamba Bizet alilazimisha sauti za kuazima linakosa nguvu. Bizet alihitaji waimbaji, na walikuwepo.

Nawashauri wenzangu waitazame Carmen Jones, na hasa waitazame mara mbili, mara ya kwanza kwa sauti na mara ya pili bila sauti. Wamtazame Dandridge ili wajifunze namna mwigizaji anavyoweza kuimiliki sauti isiyo yake. Wamtazame Belafonte ili waone mwili unaokataa. Wakimaliza, waisikilize Malaika ya mwaka 1965. Kwa Kiswahili bado sijaona Carmen wetu. Siku atakapotengenezwa, iwe Dar es Salaam, Bujumbura, Goma au hapa Kampala, natumaini mwongozaji atamchagua mwimbaji kwanza, kisha amfundishe kuigiza. Na akiimba kwa lafudhi ya Kiganda, aachwe aimbe.